Mseme Akiwapo

Kwetu Ngumbo, mtu mzima aliyezidisha visa alikuwa anaimbwa. Kina mama wa kioda walikaa na jambo lake juma zima, wakipalilia mihogo, wakianika dagaa, wakisubiri zamu kwenye mashine ya kusaga, na siku ya ngoma ilipofika wimbo ulikuwa umeshaiva. Aliyetelekeza mke na watoto akahamia Liuli kwa mwanamke mwingine aliimbwa. Aliyeng'oa mihogo ya jirani usiku aliimbwa. Mwenye duka aliyekopesha kilo moja ya sukari na kuandika mbili kwenye daftari naye aliimbwa, tena kwa sauti ya juu, duka lake likiwa hatua chache tu kutoka uwanjani.

Kwa msomaji asiyeujua mwambao wetu, Ngumbo iko ufukweni mwa Ziwa Nyasa, mkoani Ruvuma, kati ya Liuli na Lituhi. Zamani tulihesabiwa watu wa Mbinga, hadi mwaka 2012 ilipoanzishwa wilaya ya Nyasa na makao makuu yake yakawa Mbamba Bay. Ngoma zetu kubwa ni mganda wa wanaume na kioda cha wanawake, na zote mbili zinachezwa hata ng'ambo, Malawi. Mganda asili yake ni gwaride: baada ya Vita Kuu ya Kwanza, vijana waliopitia jeshini waliyageuza mazoezi ya askari kuwa ngoma, ndiyo maana wachezaji hupanga mistari na kuvaa sare nyeupe zilizonyooshwa kwa pasi ya mkaa. Vita hivyo vilitufikia mapema sana. Agosti 1914 meli ya Waingereza iliyoitwa Guendolen iliivamia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ikiwa imepandishwa nchi kavu kufanyiwa matengenezo pale Liuli, mahali ambapo Wajerumani walipaita Sphinxhafen. Kioda nacho kina mistari yake, sare zake na filimbi yake. Tofauti ni kwamba wanaume waliringia zaidi miguu, na wanawake waliringia maneno.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa miongoni mwa watunzi wa kikundi chao. Hakujua kusoma, lakini katika kutunga hakuna mwalimu aliyenifundisha baadaye ambaye angemfikia. Nilikuwa nakaa naye jikoni wanapokuja wenzake jioni, na hapo nikawa nasikia jinsi wimbo unavyopimwa kabla ya kutoka. Walianza kwa kuulizana nani aliona. Kama aliyeona hayupo, au kama waliosikia ni wengi na aliyeona hakuna, jambo liliwekwa kando. Halafu walikuwa na sharti jingine ambalo nilipokuwa mdogo sikulielewa: aliyekusudiwa lazima awepo uwanjani. Akiwa ziwani wimbo unasubiri. Akiwa amepanda mlimani kupeleka dagaa kwa Wamatengo wimbo unasubiri. Jioni moja nilimsikia mwenzake mmoja akisema, "Dada, wimbo wenyewe mtamu, utapoa tukiuacha hadi mwezi ujao." Bibi akamjibu, "Basi upoe. Tukimwimba hayupo, tutakuwa tunateta kwa ngoma."

Jina halikutajwa. Tendo ndilo lililotajwa, na lilielezwa kwa namna ambayo hata mtoto aliweza kumwona mwenyewe pale alipokaa. Nilimwona mnunuzi mmoja wa dagaa akiimbwa. Alikuwa anatumia ndoo ya plastiki iliyotanuliwa kwa maji ya moto, akinunulia kwayo kwa bei ya ndoo ya kawaida. Kina mama waliimba habari ya ndoo inayonenepa kila msimu ilhali watoto wanakonda. Yule bwana alikuwa amesimama chini ya mwembe, mikono mfukoni. Watu hawakumgeukia, maana haikuhitajika. Ubeti wa pili ulipoanza alitoka pale mwembeni, akaingia uwanjani, akatoa noti akamtuza mpiga filimbi, akacheza hatua mbili tatu, akatoka bila kusema neno. Kisha akanuna. Msimu ule mzima hakuonekana kwenye mwalo wetu. Aliporudi alikuja na ndoo nyingine.

Nimeishi na kumbukumbu hiyo nikiwa mwalimu wa shule ya msingi, nikiwa katibu wa vikao vingi kuliko nilivyopenda, na nikiwa raia wa nchi ambayo katika maisha yangu imebadilika kutoka kunong'ona hadi kupayuka. Ninachokiamini ni hiki: kumkosoa mtu hadharani ni kumwita aje ajibu. Ukimsema mahali ambapo hawezi kujibu, au kwa jambo ambalo hakuna jibu linaloweza kumtoa, hujamkosoa. Umemhukumu, na umejifanya shahidi, hakimu na askari magereza kwa pumzi moja.

Hili nililiona kwa macho yangu katika kijiji kimoja cha mwambao nilikokuwa nafundisha. Sitakitaja, kwa sababu wahusika wako hai na mambo yalishamalizwa. Wananchi walikuwa wamechanga fedha za mabati ya kuezekea darasa. Kila kaya ilitoa, hata zile ambazo zilikula mlo mmoja. Kuta zilisimama, masika yakaja yakazinyeshea, mabati hayakuonekana. Sheria ya Serikali za Mitaa ya Mamlaka za Wilaya, Namba 7 ya mwaka 1982, inautaka uongozi uitishe mkutano mkuu wa kijiji kila baada ya miezi mitatu, na kila mkazi mwenye umri wa miaka kumi na nane na kuendelea ni mjumbe wake. Hapo ndipo taarifa ya mapato na matumizi inaposomwa. Lakini mkutano ulikuwa umeahirishwa, ukaahirishwa tena, na ulipoitishwa hatimaye watu walikuja wamejaa hasira kiasi kwamba mzee aliyefungua kwa sala alilazimika kuikatisha.

Kijana mmoja aliyekuwa amerudi kutoka Songea alinyanyuka kabla hata ajenda hazijasomwa. Alisema mwenyekiti wa kijiji ni mwizi. Watu wakapiga makofi. Akaongeza kwamba si ajabu, kwani hata baba yake alikuwa mwizi na ukoo wao wote unajulikana. Hapo makofi yakakatika, na nikauona uso wa mwenyekiti ukibadilika. Nilidhani ni hasira. Ilikuwa ahueni. Alisimama akamtetea marehemu baba yake kwa muda mrefu: jinsi alivyosaidia kujenga kanisa, jinsi alivyowapokea wageni, jinsi alivyozikwa na umati. Wazee wa ukoo wakasimama nao. Mjomba wa kijana akasimama kumwombea radhi. Jua lilipoanza kuzama mkutano ulikuwa umejadili marehemu kutoka kila upande, na mabati hayakuwa yametajwa hata na mtu mmoja. Kwenye kumbukumbu za kikao nilizoandika siku ile hakuna mstari hata mmoja kuhusu fedha.

Kijana yule hakuwa mtu mbaya. Hasira yake ilikuwa halali, na mama yake alikuwa ameuza kuku ili atoe mchango. Lakini alimpa mwenyekiti mlango wa kutokea ambao mwenyekiti mwenyewe asingeweza kuutengeneza. Mbaya zaidi, kwa miezi iliyofuata kila aliyethubutu kuuliza aliambiwa, "Na wewe unataka kututukania wazazi?" Tusi moja likawa kinga ya uongozi mzima.

Aliyelimaliza jambo lile alikuwa mama mmoja mjane, mjumbe wa kamati ya shule. Katika mkutano uliofuata alisubiri hadi kipengele cha mengineyo, akasimama na daftari la shule lenye jalada lililochanika. Alimwamkia mwenyekiti, "Shikamoo, mwenyekiti," ingawa nadhani walikuwa wamelingana umri. Akasema, "Mimi sina ugomvi na wewe wala na nyumba yako. Nimeleta hesabu, naomba unisaidie pale nilipokosea." Kisha akasoma. Kaya kwa kaya, kiasi kwa kiasi, tarehe kwa tarehe, maana wakati wa kuchanga alikuwa anapita na mkusanyaji na kuandika. Aliposita, aliyetajwa alisimama mwenyewe akathibitisha, "Ndiyo, nilitoa." Alipofika mwisho akataja jumla, akauliza maswali matatu tu. Stakabadhi ya dukani iko wapi? Mabati yaliyonunuliwa ni mangapi? Yamehifadhiwa nyumbani kwa nani? Akakaa.

Ukimya ulioshuka pale sijawahi kuusikia tena katika mkutano wowote. Hapakuwa na marehemu wa kutetea, hapakuwa na ukoo wa kuombea radhi. Palikuwa na maswali matatu na mtu mmoja mwenye wajibu wa kuyajibu. Mwenyekiti alijaribu kusema atafuatilia. Mzee mmoja, wa ukoo wake huyohuyo, akamwambia, "Jibu, mwanangu." Akajibu. Fedha zilikuwa zimekopeshwa kwa mjumbe mmoja wa halmashauri ya kijiji aliyeuguliwa na mtoto, kwa ahadi kwamba atarudisha baada ya kuuza dagaa, na dagaa wa msimu ule hawakuja. Mwenyekiti alijua, akanyamaza. Kwa hiyo hakuwa mwizi. Alikuwa ameficha, na kuficha fedha za umma ni kosa kubwa, ila ni kosa jingine, na lina dawa yake. Fedha zilirudishwa kidogo kidogo na darasa liliezekwa. Mwenyekiti hakuchaguliwa tena.

Naomba msomaji aone kwamba yule mama alikuwa mkali kuliko kijana. Watu wengi wanadhani kusema kwa staha ni kusema kwa woga, au ni kupunguza chumvi ili mkubwa asikasirike. Sivyo nilivyoona. Kijana alisema jambo ambalo mwenyekiti angeweza kulikana mchana na usiku akalala. Mama alisema jambo ambalo halikukanika. Staha yake ilimwondolea yule bwana kila kichaka cha kujifichia.

Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliandika kijitabu kidogo, Tujisahihishe, akiwaandikia wanachama wenzake wa TANU. Miongoni mwa maradhi aliyoyataja ni lile la kuipokea au kuikataa hoja kwa kumtazama aliyeitoa, tukiuliza ni nani kasema badala ya kuuliza kasema nini. Na katika ahadi za mwanachama wa TANU zilizokaririwa shuleni kwa miaka mingi, ahadi ya kusema kweli iliunganishwa katika sentensi moja na kuikataa fitina. Waliozitunga walijua kwamba viwili hivyo vinakaa jirani, na kwamba mwenye kusema kweli asipoangalia anaweza kujikuta upande wa pili wa ua.

Mwalimu huyohuyo, alipokuwa ameshang'atuka, alikosoa hadharani kwa namna ambayo wengi wetu tulikuwa hatujapata kuiona. Katika Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania, kitabu chake cha mwaka 1994, alizungumzia hoja ya wabunge waliotaka serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano, akamtaja Waziri Mkuu wa wakati huo, John Malecela, na Katibu Mkuu wa CCM, Horace Kolimba, kwa majina na vyeo vyao, akisema wazi kwamba hawakufaa kuendelea. Alikuwa mkali mno, na wapo hadi leo wanaosema alizidisha. Lakini alieleza kikao kwa kikao kile alichodai wamekosea, akaweka jina lake juu ya jalada. Waliosemwa walikuwa na serikali, chama na magazeti ya kujibia. Mtu angeweza kukisoma kitabu kile akabishana nacho ukurasa kwa ukurasa, na watu walibishana.

Habari ya Kolimba inatugusa watu wa ziwa kwa karibu zaidi, maana alikuwa mbunge wa Ludewa, jirani zetu wa kaskazini ambao ufuko wao na wetu ni mmoja. Mwaka 1997 yeye mwenyewe aligeuka mkosoaji, akasema hadharani kwamba CCM imepoteza dira. Akaitwa Dodoma kujieleza mbele ya vikao vya chama, na huko, mwezi Machi, akaugua ghafla na kufariki dunia. Nakumbuka habari ilivyotufikia. Wanaume walikuwa mwaloni wakitoa nyavu mitumbwini, Redio Tanzania Dar es Salaam ikisikika na kupotea kwa sababu betri zilikuwa zimechoka. Taarifa ilipokwisha tu, kila mtu alikuwa tayari anajua nani kafanya nini. Majina ya watu wakubwa yalitajwa kama yanavyotajwa majina ya samaki. Mzee mmoja aliyekuwa anashona wavu hakuinua kichwa. Aliuliza, "Nani kati yenu alikuwa Dodoma?" Wakanyamaza kidogo, kisha wakaendelea.

Waliendelea, na maneno yale yakazagaa nchini kote, yakabaki. Kifo cha mkosoaji aliyeitwa kujieleza lazima kizue maswali, na raia ana haki ya kuyauliza kwa sauti. Kuuliza nini kilitokea ni haki. Kumtaja fulani kwamba ndiye muuaji, ukiwa mwaloni kwenye mwambao wa Nyasa na ushahidi wako ni redio yenye betri zilizochoka, ni jambo jingine kabisa. Aliyetajwa hakuwepo kujibu, na asingejua kamwe kwamba ametajwa.

Hata hivyo watu wakubwa wana ngozi ngumu na walinzi. Jambo lililonifanya nishike kalamu ni la mtu asiyekuwa na chochote.

Mwezi mmoja wa upepo wa mwera mtumbwi ulizama na vijana wawili hawakurudi. Mwili wa mmoja ulipatikana. Mazishini, kabla ya udongo kufunika kaburi, mwanamume mmoja alisimama juu ya tuta akasema kwamba ziwa haliui bure, na kwamba aliyewatuma vijana wale chini ya maji tunamjua na amekaa hapahapa anatulilia. Hakutaja jina. Alinyoosha mkono. Kwenye mkono ule, mwishoni mwake, alikuwa bibi kizee aliyekuwa anakaa peke yake karibu na kijito, muuza vyungu, mwenye macho mekundu kwa moshi wa miaka mingi. Alikuwa amejifunga kanga mbili kwa baridi. Aligeuka kutazama nyuma yake, akidhani ananyooshewa mtu mwingine.

Kuna waliosema baadaye kwamba yule bwana alitumia uhuru wake wa kusema, na kwamba alifuata hata desturi ya kioda: hakutaja jina, na msemwa alikuwepo. Nimelifikiria hilo kwa miaka. Ni kweli alikuwepo, lakini angejibu nini? Mnunuzi wa dagaa angeweza kuleta ndoo yake ipimwe mbele za watu. Mwenyekiti angeweza kuleta stakabadhi. Bibi yule angeleta nini kuthibitisha kwamba usiku wa dhoruba alikuwa amelala? Akilia, analia kwa hila. Akinyamaza, amekiri. Akiapa, wachawi nao huapa. Shutuma ambayo kila jibu lake linageuka kuwa ushahidi haina mahali pa kuingilia mtetezi. Usiku ule paa la nyasi la nyumba yake lilichomwa. Yeye alitolewa na binti yake, akapelekwa Mbamba Bay akiwa na sufuria moja na godoro, na hakurudi hadi alipofariki. Mikono iliyowasha kiberiti haikujulikana. Mkono ulionyooshwa mazishini tulikuwa tumeuona sote.

Sheria ya Uchawi, ambayo asili yake ni mwaka 1928 enzi za Waingereza, inahesabu kumtaja mwenzako kuwa mchawi kuwa kosa. Watu wengi wanaijua sheria hii kwa sababu ya waganga na ramli, hawajui kwamba ulimi wao wenyewe umetajwa humo. Usukumani vikongwe wameuawa kwa panga kwa miaka mingi kwa sababu ya macho mekundu kama yale, na kila mauaji yalitanguliwa na sentensi iliyosemwa na mtu mahali fulani, pengine akiwa amekaa kwenye kigoda anakunywa pombe. Na ukipanua macho zaidi, Rwanda mwaka 1994 redio ilitaja watu kwa majina na mahali walipojificha, na waliotajwa wakafuatwa. Simlinganishi mlevi wa kigodani na watangazaji wale kwa ukubwa wa dhambi. Nasema tu kwamba yote huanza pale anaposemwa mtu ambaye hakuna anayekusudia kumsikiliza.

Sasa niseme upande wa pili, maana najua watawala wanavyopenda makala kama hii. Wataikata hapo juu na kuibandika ofisini: wananchi, semeni kwa staha. Nakataa. Katika mkoa wetu huuhuu wa Ruvuma, miaka ya sitini, wanavijiji wa Litowa na wenzao wa Chama cha Maendeleo cha Ruvuma walikaa pamoja wakipanga kazi na kugawana mapato yao wenyewe, wakizoea kuulizana na kuwauliza wakubwa. Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikipiga marufuku chama chao. Hawakuwa wametukana mtu. Na tarehe 2 Septemba 2012, katika kijiji cha Nyololo mkoani Iringa, mwandishi Daudi Mwangosi wa Channel Ten aliuawa akiwa kazini, mikononi mwa polisi, kwenye tukio la kisiasa alilokwenda kuliripoti. Kalamu na kamera yake havikuwa vimekashifu yeyote. Nchi ambayo mtu anaweza kufa kwa kuripoti haina haki ya kuanza mazungumzo haya kwa kuwafundisha raia adabu.

Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 18, inampa kila mtu uhuru wa kuwa na maoni na kuyaeleza. Ibara ya 30 inaruhusu sheria kulinda sifa na haki za watu wengine. Wenye madaraka huikimbilia ya pili kila wanapoulizwa jambo chini ya ile ya kwanza, kana kwamba sifa iliyolindwa pale ni ya mwenyekiti wa kijiji asiyetaka kuonyesha stakabadhi. Kwa maoni yangu anayeuhitaji zaidi ulinzi ule ni bibi wa vyungu. Aliyeomba kura, anayelipwa kwa kodi, aliyeshika muhuri na funguo za stoo, huyo alikubali kuulizwa siku alipokubali cheo, na anayemuuliza asidaiwe upole kuliko unaohitajika ili swali lisikike. Akikosea kidogo katika kuuliza, asahihishwe kwa majibu, kwa sababu mkubwa ana jukwaa. Asiye na jukwaa ndiye wa kuhurumiwa na ulimi. Kwetu, kwa bahati mbaya, tumegeuza: mwenyekiti tunamnong'ona, kikongwe tunamnyooshea mkono.

Siku hizi kina mama wa kioda bado wanacheza, ila nyimbo nyingi ni za kukaribisha wageni rasmi na kushukuru kwa mradi. Masimango yamehamia kwenye simu. Sauti ya dakika mbili inarekodiwa na mtu aliyeko Dar es Salaam, inafika Ngumbo kabla ya chai, inamtaja nesi, mwalimu au padri kwa jina, na aliyetajwa huwa wa mwisho kuisikia. Nimemwona nesi mmoja wa zahanati akiisikiliza sauti iliyomsema, amesimama mlangoni, wagonjwa wakiwa kwenye benchi wameshaisikia wote. Alidaiwa kuuza dawa. Labda aliuza. Mlalamikaji angepanda gari akaja, au angemtuma ndugu yake kwenye kamati ya zahanati na jina la dawa, tarehe na kiasi alicholipa, tungejua. Hakuja, na hakuna anayejua hata sasa. Nesi aliomba uhamisho. Zahanati ilikaa bila mtu kwa muda mrefu, na kama kweli alikuwa anauza dawa, anaziuza kwingine.

Kwa hiyo nina ombi kwa vijana wa Nyasa, wa ufukweni na walioko mbali. Msinyamaze. Mwenyekiti akificha hesabu, msemeni. Mvuvi akivuta kokoro usiku na kumaliza vifaranga vya samaki wetu, msemeni. Lakini semeni mlichokiona, semeni tendo na tarehe yake, wekeni majina yenu, na hakikisheni msemwa yupo na ana nafasi ya kujibu. Mazishi msiyafanye mahakama. Na wewe msomaji, ukifika kijijini kwako wiki hii, uliza mkutano mkuu uliitishwa lini mara ya mwisho. Kama miezi mitatu imepita, andika barua ya kuudai, tafuta wenzako muisaini, na siku ya mkutano njoo na daftari.